Mkate wa Alfajiri kwa Kamanda

Nyumbani,
Jumatano, tarehe 14.

Mpendwa Kaka,

Habari za huko? Wifi hajambo? Na wanangu wawili, bado wanagombania dirisha kila mkipanda gari? Sisi wazima. Mama anasumbuliwa na magoti, lakini ulimi haujaguswa. Mimi nipo, mwembamba vilevile.

Nakuomba usirukie mwisho wa barua, tabia yako naijua. Soma polepole, maana ni habari ya Kamanda, mbwa wako.

Wiki iliyopita aliacha kula, akawa analala tu karakana kwa Baba, juu ya maranda ya mbao. Fizi zikawa nyeupe. Jumatatu nilimpeleka hospitali ya wanyama. Daktari alimpiga picha ya tumbo, akaona uvimbe kwenye bandama, na ulikuwa umeanza kuvuja damu kidogo kidogo. Akasema nimrudishe kesho yake asubuhi apasuliwe, na tangu usiku asile kitu.

Baba alisikia. Nilimwambia mwenyewe, mara mbili. Aliendelea kupiga randa, unamjua. Miaka mitatu tangu uikatae karakana na kuondoka, hajakutaja hata siku moja, na Kamanda kwake ni "huyo mnyama." Kwa hiyo nilishangaa asubuhi kumkuta amevaa shati la kutokea, amekaa kiti cha mbele cha gari, mbwa miguuni. Nikawasha gari.

Daktari, mama mmoja mfupi asiye na maneno mengi, aliniuliza kama mbwa amekula. Nikasema hajala, tena kwa kujiamini kabisa. Wakamtundikia dripu, wakamwingiza ndani. Sisi tukabaki kwenye benchi mbele ya mlango wa kioo, tukimwona msaidizi akimnyoa tumbo. Mguu wa Baba ulikuwa hautulii. Daktari aliposhika sindano ya nusu kaputi, Baba aliinuka, akaupiga mlango kwa kiganja.

"Daktari, ngoja kwanza. Nimempa mkate na maziwa. Alfajiri."

"Kiasi gani?"

"Nusu mkate." Halafu akaongeza, sauti imemshuka: "Mimi fundi seremala. Sijawahi kumpeleka mtu kwenye kazi ngumu akiwa na njaa."

Kaka, nilimkasirikia sana. Daktari hakugomba. Alitueleza kwamba mbwa aliyeshiba akitapika usingizini, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu kikamuua. Kusubiri tumbo liwe tupu nako hakuwezekani, damu ilikuwa imezidi. Angempasua hivyo hivyo kwa hadhari, ila mtu atie saini kwamba tumeelewa. Mimi mkono ulikataa kushika kalamu. Baba akaichukua. Penye uhusiano na mnyama akajaza, kwa zile herufi kubwa anazoandikia kwenye mbao: "Baba wa mwenye mbwa."

Tulikaa saa mbili na nusu. Katikati tulisikia mtu ndani akisema haraka, "Mgeuze, mgeuze," kisha mashine ya kunyonya ikanguruma. Alikuwa ametapika. Baba alinishika mkono, akaubana hadi nikaumia, na sikumwambia aache. Niliogopa sana. Nilikuwa tayari natunga barua nyingine kichwani.

Daktari alitoka na jasho limelowesha barakoa. Bandama imetolewa yote. Mpira waliomwekea kooni ulizuia matapishi yasifike mapafuni, na Kamanda anapumua mwenyewe. Uvimbe umepelekwa kupimwa, majibu ni baada ya siku kumi, kwa hiyo sikudanganyi kwamba yamekwisha. Leo amekunywa maji na kutikisa ncha ya mkia.

Nisalimie wifi, na wanangu waambie shangazi yao anawadai picha. Mama anakusalimu, anauliza kama unakula vizuri. Mungu awatunze nyote, na kalamu isiwe nzito mkononi mwako.

Nilitaka kukuandikia tu kwamba mbwa alipasuliwa na anaendelea vizuri, basi. Aliyekataa ni Baba. Amesimama hapa mlangoni tangu nianze kuandika, na sasa hivi amesema, "Mwambie ni mimi niliyemlisha. Na mwambie anijibu mimi, si wewe."

Wako akupendaye,
mdogo wako, Kidomo