Siku Jaji Alipokuja Mofu

Jumamosi. Ukungu umekaa juu ya mpunga tangu asubuhi, na sweta la shule ndilo koti pekee nililo nalo. Sina hamu ya kuongea na mtu. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayenitazama usoni.

Jana jaji alikuja kijijini kwetu kuona kijito.

Kesi ni ya wanakijiji wachache, mjomba Deo akiwa mbele. Wanataka shamba kubwa la mpunga lililo juu yetu lizuiwe kumwaga maji yenye dawa. Maji hayo yakishuka, perege wanaelea matumbo juu. Mjomba ni mvuvi. Kijito kikifa, na kazi yake imekufa.

Wiki nzima nilikuwa na furaha ya kijinga. Kwenye somo la Uraia tulifundishwa, kwa Kiingereza, kwamba mwananchi yeyote anaweza kwenda mahakamani kutetea mazingira. Nilipata vema zote. Nikaomba ruhusa hosteli, Kibaoni, nije nishuhudie.

Nilipofika juzi jioni, nikakuta kijiji kinafagia.

Bibi ndiye aliyeanzisha: mgeni mkubwa namna ile hapokelewi kwenye uvundo. Akina mama wakaokota samaki waliokufa, wakawafukia. Vijana wakafyeka majani yaliyoungua na dawa. Nikapewa fagio, nikafagia. Sikuona kosa. Kusema kweli, niliona pamependeza.

Wakili wetu alikuja jana pamoja na msafara wa jaji. Alipouona ule ukingo safi wa kijito, akashika kichwa.

Maji nayo yalikuwa maangavu, maana shamba halikufungulia mfereji wake wa kumwagia maji siku hiyo. Jaji akamuuliza mjomba, kwa upole tu, samaki wako wapi.

"Tumewafukia, mheshimiwa. Tusingeweza kukukaribisha kwenye harufu ile."

Mjomba akasema yuko tayari kufukua. Wakili wa shamba akapinga: nani atathibitisha samaki wa shimoni walitoka wapi? Akaomba iandikwe kwamba eneo limekutwa safi.

Ikaandikwa.

Msafara ulipoondoka, Mzee Masanja, Msukuma ambaye ng'ombe wake hunywa hapo hapo na jina lake limo kwenye kesi, alimtania mjomba: "Nyie Wandamba, mgeni akija mnaficha hata maiti." Watu wakacheka kidogo. Yeye mwenyewe hakumaliza kicheko chake.

Leo asubuhi maji yameshuka tena. Perege wamejaa, weupe, mpaka kwenye matete. Nimewapiga picha kwa simu ya mama mdogo, nikamtumia wakili. Amejibu kwamba ataomba zipokelewe, ila ushahidi umeshafungwa, tusiweke tumaini kubwa.

Nimeirudia meseji yake mara nyingi, kama vile nikiisoma vizuri itabadilika.

Kwenye yale madaftari yote ya Uraia, hakuna mahali walipoandika usimfagilie jaji ushahidi wako. Labda walioandika hawakuwahi kupokea mgeni.

Mchana mjomba amekunja wavu wake. Amesema Jumatatu anakwenda kuomba kibarua cha kuvuna, kwenye shamba lile lile. Kisha amenitazama, mimi msomi wa nyumbani, kama anayesubiri neno.

Nilitaka kumwambia asiende.

Ningemwambia abaki afanye nini?