Wageni Waliozuiwa Darajani

Ikuti, Rungwe

Mjukuu wangu Neema,

Ndaga fijo, asante sana kwa barua yako. Mvua haijakatika huku, na babu yako anakusalimu, ameenda kuchuma chai. Unauliza serikali ile uliyosikia habari zake redioni inawezaje kuwarudisha waokoaji wa nje wakati watu wake wamefukiwa na tetemeko.

Mwaka nilioolewa, mlima uliporomoka ukafunika nyumba yetu, mume wangu akiwa ndani. Majirani wa ng'ambo ya mto wakaja na majembe. Mwenyekiti wetu akawazuia darajani. "Tunajitosheleza," alisema. Yeye ndiye aliyetugawia viwanja kwenye mteremko ule, na hakutaka wauone.

Kwetu anayekuja msibani hazuiwi. Basi nilifunga kanga kiunoni, nikaenda pale darajani nikaangua kilio cha msiba, nikimlilia mume ambaye sikujua kama amekufa. Mwenyekiti akasogea pembeni, wakapita.

Nadhani serikali hiyo nayo ina kitu isichotaka kionekane. Wewe endelea kuuliza, hata wakikununia.

Tulichimba mpaka jioni, tukamtoa akiwa hai. Akirudi na kikapu chake nitamsomea barua hii, maana mpaka leo ananung'unika kwamba nilimlilia mapema.

Bibi yako