Makopo Sita ya Kunde

Dada yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Kabla ya yote naliulizia goti lako: bado linakukorofisha unapopanda ngazi za kazini, au yale mafuta niliyokutumia yamelituliza? Sisi hatujambo kwa rehema za Mola. Cherehani yangu inakohoa kama bibi kizee, lakini inashona. Mwanao ni mzima, anakula, anaswali, na sasa amenipita kimo. Amana yako ninaitunza, ingawa ukifika mwisho wa barua hii huenda ukaniuliza ninaitunza vipi.

Uliniuliza habari za maonyesho ya sayansi ya shuleni, nami nimekaa wiki tatu bila kujibu. Nafasi nilikuwa nayo. Mkono ndio uliokataa.

Mwaka huu walimu walitaka kila mtoto alete jambo la kilimo au chakula. Wawili wa kwanza wangepelekwa kwenye mashindano makubwa, na huko ndiko chuo cha kilimo huchagua watoto wa kuwasomesha. Mwanao unamjua. Wenzake wamempachika jina la Bi Vipimo, na hapa nyumbani siwezi kutia chumvi kwenye mboga bila kuulizwa ni vijiko vingapi. Basi akapanda kunde kwenye makopo sita matupu ya rangi, akayapanga nyuma ya nyumba, palepale ninapotawadhia. Matatu akayafunika udongo kwa nyasi kavu, matatu akayaacha wazi. Yote aliyapa kikombe kimoja kimoja cha maji kila baada ya siku nne, tone halizidi. Akanieleza kuwa nyasi zitaushika unyevu, na kunde za wazi zitateseka, na mateso hayo ndiyo ushahidi wake. Nikamwambia mama yangu wee, kumbe sayansi nayo ina roho ngumu! Alicheka mpaka akakaa chini. Kila Ijumaa akawa anachukua futi yangu ya kupimia nguo, anazipima kunde kama wateja wanaoshonewa, anaandika kwenye daftari.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa wazazi. Nilivaa lile gauni langu la buluu, nikakaa benchi la tatu. Bwana shamba ndiye aliyekuwa akipita meza kwa meza kuwahoji watoto, kalamu kaichomeka sikioni. Alipofika kwa mwanao akauliza imekuwaje kunde za udongo mtupu zikazipita zile zilizofunikwa. Mwanao akajibu kwamba hajui. Yeye alitarajia kinyume, ila vipimo ndivyo hivyo. Dada, siku moja kabla, mwalimu wake alimshauri abadilishe tu vibandiko vya makopo, nani atajua. Akakataa. Akasema daftari litakuwa linasema uongo na yeye ndiye aliyeliandika.

Bwana shamba akamuuliza kama ana hakika hakuna mtu mwingine aliyeyagusa makopo. Akajibu kwa sauti, watu wote wanasikia, kwamba nyumbani yupo yeye na mama yake mdogo tu, na mama yake mdogo hawezi kumharibia. Kwenye mabenchi ya nyuma mwenzake mmoja akapaza sauti kwamba Bi Vipimo leo kapimwa yeye. Ukumbi ukaangua kicheko, hata wazazi wazima na ndevu zao. Nami nimekaa palepale, kilemba sawa, gauni sawa. Hakupata nafasi hata ya tano.

Dada, ni mimi.

Unakumbuka marehemu mama alivyotufundisha: maji ya udhu yakibaki hayamwagwi hovyo, hupewa chenye uhai. Kila alfajiri nikimaliza kutawadha birika lilibaki na maji kidogo, na mbele yangu zipo kunde tatu zimeinamisha vichwa kama yatima. Ningezipita vipi niende kusimama mbele ya Mungu? Nikazigawia. Zile zenye nyasi sikuzipa, niliona zenyewe zimekwisha kuvishwa. Nilijua alichonieleza mtoto, sikuachi udhani sikujua, ila nilijiambia tone si kikombe. Zilipoinuka nilifurahi, nikahesabu ni sadaka. Ijumaa moja nikamwona anakuna kichwa juu ya daftari, anapima mara tatu tatu. Hapo nikaacha. Kusema, nikaona haya, na haya hiyo ikawa inanenepa kila siku kuliko kunde.

Baada ya maonyesho hakuligusa daftari siku nyingi. Kisha akaniambia labda mikono yake si ya kazi hii, afadhali nimfundishe cherehani. Mimi, niliyekuwa nikiomba dua nipate mtu wa kunirithi cherehani, nikaogopa jinsi Mungu anavyojibu.

Lakini lile swali la bwana shamba halikumtoka; mwezi uliopita akayapanga makopo upya, mbegu mpya, mahali palepale. Sasa kila alfajiri natoka na birika langu, nazipita kunde zinazonyauka, namwaga maji mtaroni nikiwa nimefumba macho. Juzi akaja mbio na futi shingoni. Akasema safari hii za wazi zinakufa kama ilivyotakiwa, basi safari ile kulikuwa na nini? Alinitazama machoni, Dada, hana shaka nami hata chembe.

Nikamwambia Mungu ndiye ajuaye.

Nimesema mengi maishani, lakini sijawahi kumtuma Mungu anifichie. Tangu siku hiyo naswali na maneno hayapandi. Mwambie wewe, ama nifundishe maneno ya kumwambia, maana mimi nikifungua kinywa natoka na habari za vifungo na zipu.

Wasalimie wote unaofanya nao kazi, na goti ulipe pole yangu. Bahasha hii nimeibandika gundi mara mbili, halafu nikajicheka. Anayeipeleka posta ni mwanao mwenyewe, na huyo hawezi kufungua barua ya mtu.

Wako anayekuhitaji,
Mdogo wako