Mluzi wa Baba Lynn

Jumapili, 2 Februari

Joto la Voi limeamka kabla yangu. Nimeosha vyombo vya ndege kabla ya kanisa, nimebadilisha gazeti la chini ya tundu. Wale finchi wawili, Alto na Tena, wamemwaga wimbi baraza nzima kama watoto wa nasari. Nimewagombeza. Wananiangalia tu na vidomo vyao vyekundu, hawana habari na mimi!

Solo naye ameimba mpaka nimechelewa ibada. Kanari huyu ana maringo. Majina alitoa baba Lynn, mambo yake ya kwaya — hata ndege lazima wawe na sauti zao. Meneja wa shamba la mkonge alipohama, madereva wengine waliachiwa viti na meza. Dereva wangu mimi, baba Lynn, akaachiwa ndege! Nilinuna wiki nzima. Sasa angalia nani anawasugulia vijiti vyao vya kutulia.

Nikiwa barazani baba Lynn akapiga mluzi kutoka chumbani. Solo akanyamaza, akainamisha kichwa, akasikiliza. Halafu akajibu. Tangu stroke ya Julai mume wangu hajasema neno. Hata jina langu. Mdomo ulienda upande, mkono wa kulia nao. Umebaki huo mluzi, mwembamba, hewa nyingi kuliko sauti. Basi.

Jumanne, 4 Februari

Lavender wa fisio, yule wa mazoezi ya viungo, amekuja. Msichana mdogo lakini haogopi kumfokea mzee. Amemnyoosha mkono mpaka baba Lynn akakunja uso wote.

Wakati wa kuondoka ameniambia ule mluzi si mchezo. Ati midomo na pumzi ya mluzi ndiyo hiyo hiyo ya kusema, na neno likija litapitia hapo. Akiacha mluzi tutarudi nyuma, na yeye hajui kama tutafika tena. Nikamwambia basi Solo ndiye daktari hapa, wewe ni msaidizi wake. Akacheka.

Mimi sikucheka sana. Nilibaki nikiangalia kale kandege, hakajai hata kiganja, nikajiuliza — yote haya yameegemea hapa?

Jumatano, 12 Februari

Ndambuki, jirani yetu, amefariki alfajiri. Sukari. Ukuta wetu ni mmoja, nilisikia kilio cha mkewe Mumbe kabla ya kuja kuitwa. Nikaenda na nguo ya kulalia, leso juu.

Kiwanja chao ni kidogo, hema limeingia nusu kwetu. Moto wa kupikia uko chini ya dirisha langu la jikoni. Sufuria kubwa za kanisa, wamama kila kona. Ndivyo inavyotakiwa. Baba Lynn alipoanguka, Mumbe na mzee wake ndio walinisaidia kumbeba.

Alhamisi, 13 Februari

Aibu! Pasta amefunga macho, watu kimya, Mumbe analia polepole — na Solo huyo juu barazani, tirrrrr! Kama ni harusi. Shingo zote zimegeuka.

Hakuna aliyenisema. Ila wifi yake Mumbe kutoka Miasenyi alinivuta pembeni, kwa adabu kabisa, akasema kwao kukiwa na matanga hata redio ya jirani haiwashwi. Labda hao ndege wangewekwa ndani? Ndani wapi! Jikoni ni moshi mtupu wa matanga. Chumba kimoja kimejaa wageni, kingine ni baba Lynn na kifua chake, manyoya yale yatamuua kwa kikohozi.

Nimechukua leso mbili, zile nzito, nikafunika tundu lote. Kila jioni huwa nafunika, wanadhani ni usiku, wanalala. Kwanza nimejaza chakula mpaka juu, na maji. Wanyamaze tu mpaka mzee azikwe. Mumbe ameona, akanishika bega.

Baba Lynn alipiga mluzi mchana. Kimya. Nikaenda kumwambia: ni matanga, baba Lynn, hata Solo ameshika heshima. Akaelewa. Akafumba macho.

Jumamosi, 15 Februari

Tumemzika Ndambuki shambani kwake Miasenyi. Upepo, vumbi mpaka kwenye meno, malori ya Mombasa yanapita yanameza maneno ya pasta. Mumbe alishika mkono wangu mpaka ukafa ganzi. Baba Lynn nilimwachia Lavender, Mungu ambariki.

Tumerudi jua limezama. Miguu si yangu.

Jumapili, 16 Februari

Woi. Woi mimi.

Nimefunua tundu asubuhi. Alto na Tena wako chini kwenye gazeti, mmoja amemwegemea mwenzake. Wepesi hivi! Kama ganda la karanga.

Chakula kiko vile vile nilivyokijaza. Juu kabisa. Hakuna ganda hata moja la wimbi. Gizani ndege hali — si najua! Kila alfajiri nikifunua wanakimbilia chakula kama waliofungiwa njaa, nami nacheka na ulafi wao. Sikufikiri. Nilikuwa na sufuria za watu, nilikuwa na wali wa watu, na hapo juu nimewawekea usiku usioisha. Kwa heshima! Mkono wangu mwenyewe.

Solo yuko hai. Yuko chini pia, amevimba manyoya, macho nusu. Nimechovya kidole kwenye maji ya glukosi nikamgusa mdomo. Amemeza. Amemeza tena. Sijaenda kanisani.

Jumatatu, 17 Februari

Amekula kiini cha yai, kidogo tu, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nimemweka jikoni ndani ya boksi, pamba chini. Nimeomba. Sijui kama watu huombea ndege, mimi nimeomba.

Baba Lynn anapiga mluzi tangu saa ya uji. Anangoja. Anapiga tena. Nimemwambia Solo ananyonyoka manyoya, na kanari akinyonyoka haimbi, yeye mwenyewe si ndiye alinifundisha? Aliniangalia muda mrefu. Sijui kudanganya vizuri, sura yangu huniangusha.

Mumbe naye kaja kuleta sufuria zangu. Macho yamevimba, maskini. Ameona tundu liko tupu, akauliza. Nikasema paka. Nitamwambia nini? Kwamba ni kwa ajili ya kilio chake? Mtu ametoka kuzika mume juzi! Kanipa pole — yeye, kunipa mimi pole. Niliingia ndani nikajifanya natafuta kitu.

Jumatano, 19 Februari

Solo amekufa. Kiganjani mwangu, chai ikichemka. Alinyoosha mguu mmoja, basi.

Nimemzika na wenzake nyuma ya choo, jiwe juu. Nimelia kuliko nilivyomlilia Ndambuki. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, 21 Februari

Leo hakupiga mluzi hata mmoja. Jana pia. Lavender ameshika midomo yake, akamwambia pumua hapa, vuta hivi — imelegea tu. Mate yanatoka upande. Uso wake umegeukia ukutani, na mimi najua ni wa mtu aliyeacha kungoja.

Nimemwambia Lavender ukweli pale getini. Sikutaka, umetoka wenyewe. Akasema nimwambie mzee au nimtafutie ndege mwingine, lakini nisimwache hivi. Mwingine nitampata wapi mimi, Voi hii? Kanari si kuku. Na kumwambia — je, akigeukia huo ukuta moja kwa moja?

Jioni nikakumbuka ile video niliyomtumia Lynn huko Nairobi mwezi jana. Solo anaimba, mkia unatetemeka. Nimeweka simu ndani ya tundu, leso juu, nikabonyeza.

Amepiga mluzi! Hapo hapo! Nilikimbia chumbani nikamkuta amegeuka, jicho linang'aa, nusu ya mdomo inacheka. Furaha gani hii mimi nimepata, jameni. Furaha chafu.

Jumapili, 23 Februari

Asubuhi moja, jioni moja. Nabonyeza, naizima, nafunika simu. Nimekuwa mwizi ndani ya nyumba yangu.

Lakini mluzi umerudi. Tena una nguvu. Leo nimemsikia akijaribu kitu kingine, "mm", midomo imebana kabisa. Lavender akisikia atafurahi. Mumbe ameniuliza kupitia ukutani, kumbe paka alibakisha mmoja? Nikasema eeh. Uongo wa kwanza ukizaa, huzaa mapacha.

Jumanne, 25 Februari

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nimebonyeza kama kawaida. Mumbe akaniita getini, ana mtungi wa gesi hawezi kuufungua, nimsaidie tu dakika. Simu nikaiacha inaimba. Video ile huwa naizima mapema. Sijawahi kuiacha mpaka mwisho, na mwisho wake hata nilikuwa nimeusahau.

Nikiwa na mtungi mkononi nikasikia mluzi. Wa baba Lynn. Wenyewe ule wa Januari, mwembamba, wenye hewa. Lakini haukutoka chumbani. Umetoka barazani, ndani ya tundu! Siku ile nilipokuwa narekodi, si alimjibu Solo kutoka kitandani, na simu ikamchukua na yeye.

Nikaacha mtungi, nikakimbia. Nimemkuta ameinua kichwa kutoka kwa mto, anaangalia dirishani upande wa baraza. Amejisikia mwenyewe huko nje, amejua ni simu. Akanigeukia. Midomo ikabana, ikaachia, ikabana. Mishipa ya shingo imesimama.

"A... me... kufa?"

Neno. Neno la kwanza tangu Julai! Hili ndilo nimeliombea kwa magoti. Nilifaa nicheze, nimpigie Lavender, nimpigie Lynn. Nimesimama tu mlangoni. Nikamwambia ngoja baba Lynn, nimeacha kitu kwa moto.

Kwa moto hakuna kitu. Niko jikoni, naandika ili mkono uwe na kazi. Nikisema hapana, ataomba aletewe Solo. Nikisema ndiyo, ataniuliza lini, ataniuliza vipi. Sasa si anaweza kuuliza!

Huyo tena, neno lile lile. Mara hii halikukatika. Limetoka zima, kwa sauti, mpaka Mumbe amesikia huko kwake. Anapiga vigelegele — mjane huyu, na kaburi halijakauka! Anagonga ukuta. Mama Lynn! Ni baba Lynn huyo? Ameongea? Bwana asifiwe, ameongea!

Anauliza amesema nini.