Aliyesogeza Kiti cha Baba

Mwaka umetimia wiki hii, Baba, tangu ulipotuachia nyumba, na hadi leo hakuna kati yetu anayeweza kununua kilo ya sukari bila kuipima tena mezani kwa mawe yako ya mizani. Umetuharibu kabisa.

Miaka thelathini na moja ulikuwa mkaguzi wa mizani. Ulipoingia sokoni na kofia yako ya kijivu na lile sanduku la mawe, wenye maduka waliumwa vichwa ghafla wakafunga mapema. Hukuwa mkali. Ulisalimia, ukauliza hali za watoto, ukanunua hata nyanya, kisha ukaweka jiwe lako kwenye mzani wa mtu na kusubiri. Yule mama muuza maharage, ambaye mawe yake yalikuwa yamelika kwa uzee na si kwa hila, ulimpelekea mapya mwenyewe kabla hajakamatwa na mwingine. Alikuja kukuzika.

Nyumbani ulikuwa yuleyule. Ulishuku saa ya ukutani, ulishuku utabiri wa mvua, ulimshuku mtu yeyote anayesema "kwa kweli" mara mbili katika maongezi yaleyale. Binti yako mkubwa alirithi shaka yote hiyo, hakutubakizia hata punje.

Ulipoteleza bafuni ukavunjika nyonga, ulikuwa na miaka sabini na minane. Daktari alikutengeneza, akasema mtu huyu asilazwe, atembezwe. Sisi tulisikia la kutengenezwa, la kutembezwa tukaliacha hospitalini. Tuliondoa mazulia, tukafunga vyuma vya kushikilia bafuni, tukakununulia kengele ya mezani. Ukitaka maji, gonga. Ukitaka gazeti, gonga. Wewe kaa tu, Baba. Tulidhani huko ndiko kukutunza.

Tukamleta na mhudumu wa wazee, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akae nawe kila siku mpaka saa kumi jioni. Ulimpokea kama ulivyowapokea wenye maduka. Uji alionja yeye kwanza. Vidonge ulivisoma majina kimoja kimoja. Ukampachika jina la Mpinzani, maana kila ulilosema naye alikuwa na lake, na halikukubaliana na lako.

Binti yako alikuja kila Jumamosi, na Jumamosi moja akaona kiti chako hakipo mahali pake. Kile cha mbao chenye mikono na mto wa kijani, ambacho yeye mwenyewe alikiegesha kando ya kitanda ili usihangaike. Sasa kilikuwa kimesogea kidogo upande wa dirisha.

"Kiti cha Baba kimefikaje huku?" alimuuliza Mpinzani.

"Hapo panapigwa jua vizuri," akajibiwa.

Jibu lilikuja haraka mno. Akakugeukia wewe. "Baba, nani amesogeza kiti chako?"

"Kiti gani?" ukasema, huku unatazama dari.

Wiki iliyofuata kiti kilikuwa kimesogea tena, kuelekea mlangoni. Binti yako hakuuliza tena. Alifanya ulichomfundisha. Alitoa chaki kwenye sanduku lako la kazi, akazungushia miguu yote minne ya kiti, akairudisha chaki sandukuni kama mtu asiye na habari. Jumamosi ya baadaye kiti kilikuwa kimesogea shubiri moja zaidi, na alama za chaki zilikuwa zimefutwa kwa kitambaa chenye maji. Akajiambia: Aliyesogeza kiti anaweza kuwa na sababu. Aliyefuta chaki ana la kuficha.

Alimpigia simu mdogo wake.

"Dada, labda anapiga deki tu."

"Anapiga deki kuelekea upande mmoja kila wiki?"

Mdogo wake akasema simu yake inazima, akakata.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Aliona vumbi kwenye goti la suruali yako. Aliona mnanyamaza wote wawili akiingia. Aliogopa jambo moja tu: kwamba wewe, uliyetumia ujana wako wote kuzuia watu wasipunjwe, unapunjwa ndani ya nyumba yako mwenyewe, na umeshindwa kusema.

Basi akaja Jumanne, siku isiyokuwa yake, kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi. Akachungulia ukumbini, tulikokuwekea kitanda. Ulikuwa umesimama kati ya kitanda na kiti, bila mtu wa kukushika, mkono mmoja ukutani na mwingine juu ya fimbo, jasho linakutiririka. Kiti kilikuwa hatua kadhaa mbele yako. Kando yake alisimama Mpinzani, mikono kifuani.

"Sikushiki," alikuwa akisema. "Njoo mwenyewe."

Viatu vilimdondoka binti yako. Tunajua alichosema, kwa kuwa majirani walitusimulia. Alikukumbatia, akakurudisha kitandani, akabeba kiti chako akakirudisha palepale pa zamani, kisha akamwambia Mpinzani akusanye vilivyo vyake. Wewe ulikuwa bado unahema, unatafuta fimbo yako. Mpinzani alikunja aproni yake, akachukua kandambili zake na kikombe chake.

"Muulize baba yako," alisema.

"Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona. Hujauliza."

Binti yako akaenda jikoni kukuchemshia chai. Alisikia mlango wa mbele ukifungwa. Halafu akasikia kitu kingine, fimbo ikigonga sakafu, kidogo, kimya, tena kidogo. Akadhani unagonga kitanda kumwita. Alipotoka na birika mkononi, kitanda kilikuwa kitupu, kiti kitupu, ukumbi mtupu, na wewe ulikuwa barazani ukishuka ngazi kwa ubavu, mguu mzima kwanza, kisha ule mwingine. Hakupiga kelele. Aliogopa kukushtua ukaanguka, akabaki amesimama na birika lake.

Ulivuka ua wote. Ulifika getini, ukalishika geti kwa mikono miwili, ukamwita mtu aliyekuwa tayari barabarani.

"Wewe! Rudi. Uji wangu ataonja nani?"

Kisha, bila kugeuka, ukasema na binti yako. "Kiti kimesogezwa kwa amri yangu. Yeye nilimwagiza tu. Shubiri moja kila Jumatatu. Chaki nimefuta mimi, kwa mkono wangu, nimepiga magoti."

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Ningekuambia ungeniambia nikae." Ulipumua kwanza. "Kila mkija ni kaa, Baba. Pumzika, Baba. Usiguse. Mlikuwa mnanigeuza kabati. Huyu nilimshuku mwezi mzima nikamwona hana kosa. Niliyemshuku zaidi ni wewe."

Hakuna aliyewahi kumwambia binti yako neno lililomuuma kama hilo, na hakuna lililomfaa zaidi. Alilia palepale. Mpinzani alirudi na begi lake, akampokonya birika kabla hajaungua.

Baada ya siku ile tulikuwa nawe miaka minne zaidi, Baba, na tunajua tuliipataje. Kiti kilivuka ukumbi, kikatoka barazani, kikafika getini, na wewe ukakifuata kila asubuhi kwa miguu yako. Ulifika hadi duka la kona, ukamkosesha mwenye duka raha. Hata asubuhi yako ya mwisho, kabla homa haijakuzidi, ulienda kitini mwenyewe ukakataa mkono.

Sasa sikiliza hili. Binti yako amestaafu na magoti yanamsumbua. Watoto wake wameanza: Mama kaa, Mama pumzika. Mwezi uliopita alitoka kuoga akakuta kiti chake kimesogea kutoka kitandani. Alipima. Shubiri moja. Amemhoji mumewe, amemhoji mdogo wake, amewahoji watoto mmoja mmoja. Wote wanaapa hawajui. Mpinzani, ambaye siku hizi huja kusalimia tu, alijibu haraka mno. Binti yako ameshatoa chaki. Lakini kiti hajakirudisha, na Jumatatu iliyopita kilikuwa kimesogea tena.

Unakumbukwa na binti yako mkubwa na mumewe, mwanao wa kiume na mkewe, kitindamimba wako aliye mbali, wajukuu zako saba, dada yako uliyekuwa ukimshuku kwenye karata, na Mpinzani wako, ambaye katika nyumba hii si mgeni tena.

Siku zote tutakukumbuka, Baba. Tutakukumbuka tukiwa tumesimama.