Bagia za Muhogo wa Pembezoni

Jumatatu, 3 Machi

Uji umeungua tena. Nilikuwa nakoroga huku namfukuza Anjela asishike jiko, chini kukashika. Nimewapa hivyo hivyo. Joeli kanywa, kaomba wa pili. Anjela kautema kwenye kanga yangu mpya.

Wifi Tekla humleta Joeli hapa kila asubuhi akienda shamba la mpunga. Humleta kwa bibi yake, si kwangu. Hilo hulionyesha wazi. "Mama, mjukuu wako huyo," halafu mimi ananisalimia kama mtu aliyepishana naye sokoni. Mchana Mama mkwe anasonga kondowole, ule ugali wa muhogo unaovutika, kwa usipa, vidagaa vya ziwani. Joeli ana miaka minne na anakula kama mpiga makasia. Anjela, wa miaka miwili, anafunga mdomo. Na mimi mama yake natamani kufunga wangu. Mwaka mzima niko huku Lundo ufukweni na bado naota maharage ya kwetu Litembo, milimani.

Tekla anasema sisi Wamatengo tukikosa maharage tunaugua. Anacheka sana akisema hivyo. Mama mkwe hacheki, ila hamkatazi.

Nimechoka kuwa mgeni jikoni.

Jumatano, 5 Machi

Majivu leo. Mama mkwe kafunga, lakini watoto kawapikia. Mvua haiachi. Usipa wake uko juu ya chanja, anauanika, anauanua, anauanika tena. Amelalamika kwamba haukauki sawasawa.

Nimejaribu chapati za maji na boga lililopondwa. Boga, unga, yai moja, chumvi. Kazi ndogo tu. Anjela kala mbili! Joeli kala hadi nikamzuia. Tekla alipokuja kumchukua akaonja kipande kilichobaki, akasema, "Kumbe unajua."

Neno hilo tu. Nimetembea nalo jioni nzima. Aibu kufurahi hivyo kwa neno la wifi, lakini nimefurahi.

Sasa nataka kila siku niwe na kitu. Kwenye simu nimeona dada mmoja anakaanga bagia za muhogo. Anakwangua muhogo mbichi, anatia kitunguu na chumvi, anafinyanga, mafutani. Rahisi. Na mihogo ipo shambani, sina haja ya kumwomba mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya! Mama mkwe alikwenda kwa mgonjwa, nikashuka shambani mwenyewe na Anjela mgongoni. Tope hadi kwenye vifundo. Sikuingia ndani, nimechimba hapo pembezoni mwa njia. Mizizi mikubwa, mizuri, weupe wake kama maziwa.

Bagia ya kwanza ilikuwa na uchungu. Nikadhani ni mafuta, yalikuwa ya juzi. Nikabadilisha mafuta. Uchungu ukabaki. Nikaacha kitunguu, nikatia sukari nyingi na ndizi mbivu. Hapo ikawa tamu. Anjela kaitema, lakini Anjela hutema kila kitu. Joeli kala nyingi, amesimama mlangoni akinyoosha mkono kila nikiepua. Nikamwita mteja wangu. Mchana bibi yake karudi kapika, akala na ugali na usipa, kidogo tu, tumbo lilishajaa.

Kichwa kinaniuma. Jua la shambani.

Jumamosi, 8 Machi

Jana jioni Joeli aliugua.

Alianza kutapika hapa hapa uani. Kisha akawa hawezi kusimama, anayumba, macho yanaelea. Tekla alifika akamkuta mapajani mwa bibi yake. Tukampakia kwenye bodaboda, Tekla kambeba katikati, mimi nikafuata na nyingine. Kwenye zahanati wakamtundikia maji. Nesi akauliza, "Amekula nini leo?"

Nikajibu mimi. Ugali wa muhogo na usipa.

Bagia sikuzitaja. Hakuna aliyenizuia. Kwetu ukiulizwa umekula nini unataja ugali na mboga. Bagia, ndizi, muwa, hivyo si kula, ni kutafuna tafuna tu. Hazikunijia hata kichwani. Naandika hivi na naona ni kweli. Nadhani ni kweli.

Nesi akasema ni samaki, kipindi hiki cha mvua samaki hawakauki. Tekla aligeuka akamtazama mama yake. Sijawahi kuona mtu akimtazama mama yake hivyo.

Leo asubuhi Joeli kanywa maji, kaomba kwenda nyumbani. Mungu mkubwa.

Jumapili, 9 Machi

Tekla kaja, hakukaa. Kasema Joeli hatakuja tena hapa kula. Atakwenda naye mpungani, amfunge mgongoni hata kama ni mzito. Kasema, "Mama, umezeeka, pika vyako ule mwenyewe."

Mama mkwe alikwenda kwenye chanja akakusanya usipa wote, wa wiki nzima, akaufukia nyuma ya choo ili kuku wasile. Akarudi akanawa mikono. Akanawa tena.

Nilimwonea huruma. Nikajisikia mwema kwa kumwonea huruma.

Jumatano, 12 Machi

Najua.

Mama mkwe kanituma shambani nichimbe mihogo ya unga. Akaniambia nichukue ile ya pembezoni, ile ya katikati niiache. Nikauliza kwa nini. Akashangaa kama nimeuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Ile ya pembeni si michungu? Tumeizungushia shamba kuzuia nguruwe pori. Akionja ya kwanza anarudi porini kwake. Hiyo ni ya kuloweka siku nyingi mpaka ilainike, ndiyo uianike. Usithubutu kumpa mtoto mbichi wala ya kuchemsha. Inaua."

Alisema huku anatafuta jembe. Hakunitazama. Kwake ni jambo ambalo kila mtu analijua, kama mtoto wa Litembo anavyojua kutochuma kahawa mbichi.

Nilichukua jembe. Nilifika shambani. Shimo langu la Ijumaa lilikuwa pale pale, limejaa maji ya mvua. Nikalifukia kwa mguu.

Nguruwe akionja anaacha. Mimi nilionja nikaongeza sukari.

Alhamisi, 13 Machi

Sijasema.

Nimepika uji. Mtu mmoja wa kuunywa. Mama mkwe kakaa jikoni asubuhi yote na sufuria tupu. Kazoea kusikia vurugu za Joeli. Mchana kaniambia nipike mimi. Kataka kumpa Anjela ndizi, akaiangalia kwanza pande zote, kaimenya, kainusa, akanirudishia nimlishe mimi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema mara nyingi tu. Nikaosha vyombo.

Jumamosi, 15 Machi

Baba Anjela kaja kutoka Mbamba Bay, ana kazi ya useremala huko, hurudi wikiendi. Nimemweleza yote tukiwa nyuma ya nyumba. Nilitaka anigombeze. Nilitaka anishike mkono twende kwa Tekla wakati ule ule.

Kafikiri sana. Kasema, "Mtoto kapona. Ukisema sasa, Tekla atakutangaza ufukwe mzima kwamba mke wangu kamlisha mwanawe sumu. Mama ni mama yake, watapatana tu. Nyamaza kwanza."

Na mimi nikapumua. Hicho ndicho kinachoniuma. Nilipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Nikamkaangia mume wangu mayai, nikala naye, nikacheka alipochekesha.

Sina haya mimi.

Jumapili, 16 Machi

Sala ya jumuiya ilikuwa kwetu baada ya misa. Mama mkwe kaomba tumwombee macho. Anasema hayaoni tena ukungu kwenye samaki, ndiyo maana nusura amuue mjukuu wake. Kasema hivyo mbele ya majirani wote. Wakaitikia. Nami nikaitikia.

Halafu akainuka, akaenda pale alipokaa Tekla, akapiga magoti.

Mama. Kwa binti yake. Kwenye mkeka wetu.

Tekla alishtuka, akamshika mabega kumwinua, lakini bibi alikuwa mzito, hakutaka kuinuka. "Nisamehe, mama, nimemlisha mwanao uchafu." Wanawake wakaanza kulia. Mwenyekiti wa jumuiya akaanzisha wimbo haraka, mwanamume hajui la kufanya zaidi ya hilo. Nami nikaimba. Nilikuwa mlangoni na bakuli la karanga za wageni, nikaimba ubeti baada ya ubeti, na karanga nikagawa.

Tekla alipoondoka alimkumbatia mama yake. Joeli hakumleta.

Jumatatu, 17 Machi

Baba Anjela karudi kazini. Kabla hajaondoka nimemwambia nitasema. Hakubisha. Kasema, "Basi ngoja nirudi Jumamosi tuseme pamoja." Kaniachia hela ya sabuni.

Jumamosi mbali.

Siwezi kula. Nikiweka kitu mdomoni naona yale magoti.

Jumanne, 18 Machi

Sikungoja.

Nimemwambia Mama mkwe, twende kwa Tekla kabla hajatoka kwenda mpungani. Alijifunga kanga, tukaenda, Anjela mgongoni kwangu. Tekla alikuwa anampa Joeli viazi vitamu. Nikawaamkia. Nikamwambia Tekla ampeleke mtoto nje kidogo. Nikasema nikiwa nimesimama, maana niliogopa nikikaa nitaanza kuzungusha maneno.

Nimesema: si usipa. Ni mihogo ya pembezoni. Niliikwangua, nikaikaanga bagia, nikatia sukari kuficha uchungu, nikampa. Nimejua tangu Jumatano. Jumapili nilikuwa najua.

Nilijiandaa kwa makelele. Tekla hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja.

"Nesi alipouliza, wewe si ndiye uliyejibu?"

"Ndiyo mimi."

"Na bagia hukuzitaja."

"Sikuzitaja."

Basi. Akageuka akaanza kukusanya maganda ya viazi, ingawa maganda hayakuwa mengi.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alisema taratibu, "Kumbe sikuwa mimi." Akalisema tena. Akaangalia mikono yake, hii na hii. Machozi yakamtoka na alikuwa anatabasamu, na mimi nikadhani sasa atanigeukia aseme mwanangu, ni bahati mbaya, wewe si wa huku. Nilikuwa nimeshaandaa uso wa kusamehewa. Najijua.

Alinigeukia kweli. Akasema, "Ulinitazama nimepiga magoti."

Nikamfunga Anjela upya mgongoni.

Tumerudi yeye mbele, mimi nyuma. Kwenye kijito kile kilichofurika alisimama akanyoosha mikono, nikamfungulia Anjela, akamvusha. Mimi nikavuka mwenyewe.

Alhamisi, 20 Machi

Joeli kaletwa. Tekla kasema mlangoni, kwa sauti ya kutosha, "Mama, mjukuu wako huyo. Ale chakula chako wewe." Mama mkwe alitoka jikoni karibu anakimbia, mwanamke wa umri wake. Kamshika mtoto, kamnusa kichwa.

Baba Anjela kapiga simu. Kumbe habari zimeshafika hadi Mbamba Bay. Kasema, "Vizuri umesema." Nilisikia kwamba ameona aibu. Sijui kama ni yangu au yake. Sikuuliza.

Mama mkwe ananisemesha. Lete kuni. Chumvi iko wapi. Mtoto analia. Ni maneno ya kazi tu. Nayapokea.

Jumapili, 23 Machi

Hakuna mvua leo. Mama mkwe ana usipa mpya juani, anaugeuza kwa kidole mmoja mmoja, na Joeli anafukuza kuku kwa kijiti. Kondowole umesongwa mapema. Harufu yake siku hizi hainikeri.

Alasiri nimechemsha viazi vitamu, vya sokoni, nikavikata vipande vya kushikika, nikavinyunyizia karanga za kutwanga. Nimeviweka kwenye sahani uani, sikumwita mtu. Anjela kachukua kimoja. Joeli kaja, kachuchumaa, kachagua kikubwa, kakishika. Kisha akanitazama. Ni wazi kafundishwa, na kafundishwa vizuri.

"Anti, hivi kapika nani?"

Mama mkwe alisikia. Mkono wake ulisimama juu ya chanja. Ningeweza kusema bibi. Mtoto angeamini.

"Nimepika mimi," nikasema.

Akakirudisha kwenye sahani polepole, kwa adabu, akafuta vidole kwenye kaptula. Akaenda kusimama karibu na bibi yake. Mama mkwe akaendelea kugeuza usipa.

Nimekula na Anjela. Vilikuwa vitamu.