Mabega ya Kumfikisha Colette

Walungu, 4 Machi 1999

Bibiane mwanangu,

Natumaini homa imekuachia na kazi ya uuguzi haikumalizi. Hapa tuko wazima, ila magoti yangu yameanza ubishi.

Nakuandikia kwa ajili ya mdogo wako Colette. Mkunga amempapasa: mtoto amekingama tumboni. Magari hayapiti tena tangu vita ifunge barabara, basi ni kipoyi, machela ya mabegani. Unajua desturi yetu: kila kilima hubeba machela ya mgonjwa hadi mtoni, kilima kinachofuata kikapokea. Hivyo bega linapumzika kabla halijachoka kabisa. Lakini mumewe Placide hataki. Anasema, "Bibi yangu hatabebwa na batu benye sijue." Atambeba na ndugu zake watano, mpaka Bukavu.

Papa yako

Ibanda, Bukavu, 9 Machi

Papa mpendwa,

Nimepona, asante. Pole na magoti.

Daktari yuko tayari kumpasua, lakini afike kabla uchungu haujaanza. Akichelewa, tutawapoteza wote wawili. Tena, kizuizi cha kuingia mjini kinakamata wanaume ili wabebe risasi za askari. Mwambie Placide.

Binti yako

Walungu, 13 Machi

Mwanangu,

Salamu kwanza.

Waliondoka jana. Kwenye kilima cha pili mabega yalichubuka, mmoja akateleza, Colette nusura aanguke. Wamemrudisha. Sikumkaripia Placide, nilimwonyesha tu mabega yake. Akaenda mwenyewe kilima hadi kilima kuomba msaada. Wanatoka kesho alfajiri.

Omba.

Papa yako

Ibanda, 17 Machi

Papa,

Kaa chini kwanza, kisha usome. Ni msichana, kilo tatu, na Colette amekunywa uji.

Vilima saba vilipokezana bila kumtua chini. Walipokaribia kizuizi, wanaume walisimama. Kupita ni kukamatwa, na uchungu ulikuwa umeanza. Hapo wakawakuta akina mama wanane wakipeleka makaa sokoni. Mkubwa wao, Mama Cibalonza, alitua gunia lake, akamwambia Placide, "Weye zunguka mu mashamba. Bibi yako tutamufikisha."

Placide hakuwa amewahi kumwona hata mmoja wao. Akawaachia.

Askari aliuliza wanaume wako wapi. Mama Cibalonza akamjibu kwamba hata yeye askari alizaliwa na mwanamke, awapishe. Akapisha. Niliwapokea mlangoni pa hospitali, weusi kwa vumbi la makaa, wakiimba, na daktari akampasua Colette papo hapo.

Placide alifika baadaye, matope hadi kiunoni, mtoto akilia tayari. Akina mama walikuwa wamesharudia magunia yao. Nikampa daftari ajaze jina la aliyemleta mgonjwa. Papa, nafasi yenyewe ni mstari mmoja. Alianza na kilima chetu, akaandika na kuandika, akafika chini ya ukurasa, kisha akaniomba karatasi nyingine.

Binti yako, sasa mama mkubwa